Ndege wa Sibiloi Kuanzia Januari hadi Desemba: Mwongozo kwa Anayekwenda Kuwaangalia

Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi iko kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, katika nchi ambayo kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Ilitangazwa mwaka 1973, ina eneo la kilomita za mraba 1,570, na wengi wanaoijua wanaijua kwa sababu ya mabaki ya binadamu wa kale yaliyochimbuliwa Koobi Fora. Ndege wake husahaulika, ingawa ziwa hilo pamoja na kingo zake limekwisha kurekodiwa spishi zipatazo 350. Mwongozo huu ni kwa mtu anayefunga safari kwa ajili ya ndege hao, na unajibu swali ambalo kila mgeni huuliza mwanzoni: niende mwezi gani, na nikifika nitafute nini, wapi, na saa ngapi?

Hatua ya kwanza: elewa mambo matatu yanayoendesha mwaka wa Sibiloi

Mtu aliyezoea kuangalia ndege Nairobi au Arusha hutazama kalenda, akahesabu masika na vuli, akadhani kazi imekwisha. Sibiloi kalenda hiyo peke yake itakupoteza, kwa sababu kuna mambo matatu yanayokwenda kila moja kwa mwendo wake, na ndege utakaowakuta ni matokeo ya yote matatu kwa pamoja.

La kwanza ni baridi ya kaskazini. Tangu mwishoni mwa Agosti, ndege waliozaa kwenye tundra ya Urusi na Skandinavia na kwenye nyika za Asia huanza kushuka kusini, na Ziwa Turkana ni mojawapo ya maji makubwa ya kwanza wanayoyakuta baada ya kuvuka majangwa na milima ya Ethiopia. Baadhi yao hukaa hapo hadi Aprili au mwanzo wa Mei, na wengine hula kwa siku chache, wakapata nguvu, wakaendelea na safari ya kwenda Tanzania na kusini zaidi.

La pili ni mvua ya nchi kavu, ambayo kwa desturi huja kati ya Machi na Mei na tena kidogo Oktoba na Novemba. Huko, hata hivyo, neno "kwa desturi" lichukuliwe kwa tahadhari, kwani kuna miaka ambapo mvua hunyesha mara mbili tatu tu, ikalowesha bonde moja na kuliacha la jirani jinsi lilivyokuwa. Ndege wakazi wa jangwani, hasa vipozamataza, huzaa kwa kuifuata mvua popote iliponyesha, na mwezi wenyewe kwao si kitu.

La tatu, ambalo wageni wengi hawalifikirii kabisa, ni kimo cha maji ya ziwa. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia Turkana huletwa na Mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia, ambako mvua kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba. Kwa hiyo ziwa hupanda wakati ambapo Sibiloi kwenyewe hakujanyesha hata tone, hufikia kilele kati ya Septemba na Novemba, kisha hushuka polepole hadi katikati ya mwaka unaofuata. Linaposhuka huacha nyuma yake ukanda wa matope laini, na ukanda huo ndio chakula cha ndege waliotoka kaskazini. Bwawa la Gibe III, lililozinduliwa Desemba 2016, limeupunguza mwendo huu wa kupanda na kushuka, na ni mojawapo ya sababu zilizoifanya UNESCO iziweke hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2018. Juu ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2020 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda sana na kufunika sehemu za ufuo zilizokuwa kavu kwa miaka mingi. Ramani ya zamani ya ufuo wa Sibiloi isikuongoze. Ukifika, waulize askari wa wanyamapori mahali matope yalipo mwaka huo.

Hatua ya pili: chagua mwezi kwa kujua unachokitaka

Ukiwa na nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda kati ya katikati ya Januari na mwanzo wa Machi. Wakati huo ziwa limekwisha kushuka, matope yako wazi, wageni wa kaskazini wametulia, na barabara ni kavu. Kwenye ufuo utakuta vitwitwi, ndege wadogo wa ufuoni, wa aina mbalimbali, aliye mwingi kuliko wote akiwa kitwitwi mdogo, Calidris minuta, ambaye katika hesabu zilizowahi kufanywa kwenye ziwa zima alipita 100,000 peke yake. Pamoja naye kuna Calidris pugnax, Tringa stagnatilis na Tringa nebularia wenye miguu mirefu, Charadrius hiaticula mwenye ukosi mweusi shingoni, na majini huelea makundi ya bata wahamiaji kama Anas acuta na Spatula querquedula. Koho anayevua samaki, Pandion haliaetus, hupita juu yao karibu kila siku. Nyuma ya ufuo, kwenye nyanda za mawe na nyasi fupi, angalia vipanga wa jenasi ya Circus wakiruka chini chini kana kwamba wamepoteza kitu, na ndege wadogo wa jenasi ya Oenanthe, ambao husimama wima juu ya jiwe, hushuka kuokota mdudu, kisha hurudi juu ya jiwe lile lile. Oenanthe isabellina ndiye utakayemwona zaidi. Ana rangi ya mchanga mwili mzima isipokuwa sehemu ya juu ya mkia iliyo nyeupe, na kila mmoja hulinda kipande chake cha ardhi dhidi ya wenzake msimu mzima.

Machi na Aprili ni miezi ya kuondoka, na kwa maoni yangu ndiyo miezi mizuri kuliko yote kwa mtu anayependa kutazama ndege mmoja mmoja kwa makini. Vitwitwi waliokuwa kijivu mwezi wa Januari huanza kuota manyoya ya kuzalia, na katika kundi moja unaweza kuona hatua zote: aliye kijivu kabisa, aliyeanza madoa ya kahawia mgongoni, na aliyekwisha kuwa mwekundu wa kutu usoni na kifuani. Ndege wa manjano wa spishi ya Motacilla flava hupita kwa wingi karibu na mifugo, na kwa kuwa madume wa maeneo mbalimbali ya Ulaya na Asia hutofautiana rangi ya kichwa, kundi moja linaweza kukupa vichwa vyeusi, vya kijivu na vya manjano kwa pamoja. Tatizo la miezi hii ni barabara, nami nitalieleza mbele kidogo.

Mvua ikinyesha, geuza uso wako kutoka ziwani. Ndani ya majuma machache nyasi huota, wadudu hujaa, na kipozamataza mdogo mwenye kichwa cha hudhurungi na nyeupe, Eremopterix signatus, huanza kupanda angani akiimba na kushuka. Keremkerem mwekundu, Merops nubicus, ambaye wasomaji wa Malindi na Lamu wanamfahamu kwa makundi yake yanayolala mikokoni kuanzia Septemba, kufikia wakati huu huwa amekwisha kuiacha pwani na kurudi kaskazini kuzaa, na hutoboa mashimo ya viota kwa makoloni kwenye kuta za udongo za laga, yaani mito mikavu. Akiwa uwandani hupenda kupanda mgongoni kwa tandawala mkubwa, Ardeotis kori, au hata kwa mbuni, akasafiri naye na kuwadaka panzi wanaoruka mbele ya miguu yake. Ukimwona tandawala akitembea mbali, usimwache hadi uhakikishe mgongo wake hauna abiria.

Juni hadi Agosti huitwa miezi mitupu, na hilo si kweli. Wageni wa kaskazini wameondoka, isipokuwa vitwitwi wachache, wengi wao wa umri wa mwaka mmoja, ambao hawakuona haja ya safari. Lakini wakazi wote wapo: mbuni wa Kisomali, Struthio molybdophanes, ambaye dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya kijivu-samawati, tandawala wa aina kadhaa, akiwemo Neotis heuglinii wa majangwa ya kaskazini ambaye watu husafiri kutoka mbali kumtafuta, kanga tumbusi, Acryllium vulturinum, mwenye kifua cha samawati iliyokolea, kunguru Corvus rhipidurus mwenye mkia mfupi mno unaomfanya aonekane angani kama popo mkubwa, na firigogo, ndege wala mbegu wa jangwani, ambao ukame huwalazimisha kukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki. Ukitaka kuwaona firigogo kwa mamia, ukame ndio rafiki yako, kwa sababu mvua ikinyesha kila kidimbwi huwa kisima na wao hutawanyika.

Septemba hadi Desemba ni wakati wa kuwasili, wenye pilikapilika na wenye kuchanganya. Ziwa liko juu, matope ni membamba, na ndege wanaofika husukumwa kwenye kingo za majani na kwenye vidimbwi vya nyuma ya ufuo. Watu wazima hutangulia wakiwa na manyoya yaliyochakaa, nao watoto wa mwaka huo hufuata Septemba na Oktoba wakiwa na manyoya mapya safi. Kitwitwi mdogo wa umri huo utamtambua kwa mistari miwili myeupe mgongoni inayokutana kwa umbo la herufi V. Oktoba na Novemba tazama pia angani, kwa kuwa kozi wadogo, Falco naumanni, hupita kwa makundi wakiwafuata kumbikumbi na panzi palipokwisha kunyesha.

Hatua ya tatu: tayarisha safari

Kutoka Nairobi hadi hifadhini ni mwendo mrefu kupitia Marsabit na North Horr. Hadi Marsabit ni lami. Baada ya hapo ni changarawe, mawe ya volkeno na mchanga, na unapita Jangwa la Chalbi, ambalo likilowa hugeuka tope la chumvi lisilopitika hata kwa gari zuri. Ndiyo maana nilitaja tatizo la Aprili: ukienda miezi ya mvua, acha siku za akiba, na kabla ya kuondoka Marsabit uliza hali ya Chalbi kwa madereva waliotoka huko siku hiyo. Magari mawili ni bora kuliko moja katika mwezi wowote. Njia nyingine hupitia Maralal na Loiyangalani. Wapo pia wanaovuka ziwa kwa boti kutoka upande wa Kalokol, lakini upepo wa Turkana umekwisha kuzamisha vyombo vingi, na mimi simshauri mtu afanye hivyo kwa ajili ya ndege ambao anaweza kuwafikia kwa gari.

Beba maji yote ya kunywa pamoja na ya ziada, kwani maji ya ziwa yana magadi. Beba mafuta ya kurudi. Viatu vya kufunika kifundo cha mguu na tochi ni vya lazima, kwa sababu nyoka aina ya Echis, mdogo na mwenye sumu kali, hujificha mchangani na chini ya mawe. Mamba wa ziwa hilo ni wengi na wakubwa. Simama mbali na ukingo wa maji, na usichutame kupiga picha mahali maji yanapoanza kina. Kuhusu usalama wa njia, jamii za wafugaji wa eneo hili huwa na migogoro ya malisho na maji inayozuka na kutulia, na wanaojua hali ya wiki hiyo ni ofisi ya hifadhi iliyoko Alia Bay na wenyeji wenyewe.

Wenyeji hao, Wagabra upande wa North Horr na Wadasanechi upande wa Ileret, ndio watakaokuonyesha firigogo wanywapo maji. Ukifika kisimani, shuka garini, wasalimie wazee kwanza, eleza shida yako, na usubiri mifugo imalize zamu yake. Usipige kambi karibu na maji, kwani utawazuia mbuzi mchana na wanyamapori usiku.

Hatua ya nne: panga siku kwa kufuata jua na upepo

Upepo wa kusini-mashariki huvuma Turkana karibu mwaka mzima, nao hupata nguvu usiku na alfajiri, kisha hulegea kuanzia adhuhuri. Kwa mwangalizi wa ndege hili ni kero, kwa maana saa zile nzuri za asubuhi ndizo zenye upepo mkali unaotikisa teleskopu hadi usione jicho la ndege. Hata hivyo, ukiwa ukingo wa mashariki kuna faida mbili. Jua la asubuhi linatoka nyuma yako na kuwamulika ndege waliopo ufuoni. Na kwa kuwa vitwitwi husimama na kulala wakiuelekeza uso wao kwenye upepo, upepo unaotoka nyuma yako unawageuza wakutazame wewe, ukaona kifua na uso, ambavyo ndivyo vinavyohitajika kuwatofautisha. Kwa hiyo uvumilie upepo: shusha stendi ya teleskopu hadi ukae chini, ning'iniza mfuko wenye mawe katikati ya miguu yake mitatu, na egesha gari upande wa kusini-mashariki wako likukinge.

Uwe ufuoni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi karibu saa nne. Kuanzia saa tano mvuke wa joto unaocheza juu ya ardhi huharibu kila kitu kilicho mbali zaidi ya mita mia. Usijilazimishe kutambua chochote, bali pumzika, kunywa maji, na andika. Alasiri jua liko upande wa ziwa na ndege wa ufuoni hubaki vivuli vyeusi, hivyo wakati huo ingia nchi kavu, ufuate laga zenye migunga, ukitazama upande wa mashariki. Kwenye miti hiyo angalia viota vikubwa vya miiba vya mnana mwenye kichwa cheupe, Dinemellia dinemelli, kwani ndani ya viota hivyo huweza kukaa kozi mdogo kuliko wote Afrika, Polihierax semitorquatus, asiyezidi sentimita 20 na ambaye hajengi kiota chake mwenyewe. Jike lina mgongo wa hudhurungi, dume ni kijivu.

Usiku, ukirudi kambini, endesha polepole sana. Mipasuasanda hukaa barabarani, na macho yao hung'aa katika taa za gari. Simamisha gari mapema, umulike kwa tochi kutoka ubavuni, na utapata nafasi ya kuangalia mkia na koo.

Hatua ya tano: jifunze vitwitwi kabla ya kuwahesabu

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, nami naona ndipo penye utamu. Anza na kitwitwi mdogo, kwa sababu ukishamzoea yeye kila mwingine utampima kwake. Ana uzito wa gramu 20 hadi 30 tu, miguu myeusi, mdomo mweusi mfupi ulionyooka, tumbo jeupe, na katika miezi ya Desemba hadi Februari mgongo wa kijivu. La muhimu zaidi ni mwenendo wake: anakimbia, anadonoa, anakimbia tena, kichwa chini, bila kutulia, kama mtu aliyeangusha sarafu nyingi gizani.

Ukishamjua, tafuta wanaotofautiana naye. Aliye na ukubwa ule ule lakini miguu ya manjano au kijani kibichi kilichofifia, kifua cha kijivu kilichofunikwa chote, na anayetembea polepole amejikunyata, ni Calidris temminckii. Mara nyingi huwa peke yake au wawili, kwenye kidimbwi chenye majani na si kwenye ufuo wa wazi. Aliye mkubwa zaidi, mwenye mdomo mrefu unaopinda chini na anayeingia majini hadi tumboni, ni Calidris ferruginea. Akiruka utaona weupe juu ya mkia wake, ambao kitwitwi mdogo hana. Anayekimbia hatua chache, akasimama wima kabisa, akatazama, ndipo akadonoa, si wa jamii hii. Huyo ni Charadrius mmojawapo, na mdomo wake mfupi mnene utakuthibitishia. Vanellus spinosus, mwenye kofia nyeusi, mashavu meupe na kelele nyingi, atakutambulisha kwa kila ndege aliye ufuoni hata kabla hujasimamisha gari, kwa hiyo ukimsikia, simama na subiri atulie.

Kuhesabu kundi la maelfu, fanya hivi. Kaa mahali pamoja dakika kumi ili ndege warudi kula. Hesabu ndege kumi kwa kidole, uone wanachukua nafasi gani ndani ya teleskopu. Kutokana na hao pata picha ya mia moja, kisha tembeza teleskopu kutoka upande mmoja wa kundi hadi mwingine ukihesabu mia kwa mia. Rudia kutoka upande wa pili. Majibu mawili yakitofautiana sana, rudia mara ya tatu na uandike wastani. Yakikaribiana, andika na usonge mbele. Baada ya hapo chagua sehemu tatu za kundi, katika kila sehemu hesabu ndege mia moja mmoja mmoja kwa spishi, na utumie uwiano huo kugawa jumla. Ukifanya kazi hiyo kabla upepo haujalegea utaona kwamba ndege wamekaa chini na wametulia. Kozi akitokea, wote huruka mara moja na kundi hugeuka jeupe na kijivu angani. Usijaribu kuhesabu wakati huo, furahia tu, na umtazame kozi mwenyewe.

Tofautisha pia buabua wanaopita juu. Gelochelidon nilotica ana mdomo mweusi mnene na hukamata wadudu hata juu ya nchi kavu, ilhali Chlidonias leucopterus ni mdogo, mwepesi, na hudonoa juu ya maji bila kupiga mbizi. Ukiona ndege mweusi juu na mweupe chini, mwenye mdomo mwekundu ambao nusu yake ya chini imezidi ya juu kwa urefu, akiruka karibu kabisa na maji huku ameichovya nusu hiyo ya chini, huyo ni domo-mkasi, Rynchops flavirostris, ambaye huzaa katika Kisiwa cha Kati cha ziwa hilo. Heroe hupatikana pia, lakini anayewataka heroe kwa wingi aende Bogoria. Sibiloi si mahali pa kuwafuata wao.

Hatua ya sita: wangojee firigogo kwenye maji

Firigogo hula mbegu kavu, kwa hiyo ni lazima anywe, na kwa hilo unaweza kupanga miadi naye. Aina mbili zitakuhusu zaidi, na saa zao hazifanani. Pterocles exustus, mwenye mkia uliochongoka kama sindano na tumbo la hudhurungi iliyokolea, huja asubuhi, takriban kati ya saa mbili na saa nne. Pterocles lichtensteinii, aliyejaa mistari myembamba mwili mzima na asiye na mkia mrefu, huja gizagiza la magharibi na tena kabla ya mapambazuko, na mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Fika mahali pa maji nusu saa kabla, egesha gari mita hamsini au zaidi kutoka kwenye ukingo, jua likiwa nyuma yako, na usitoke. Makundi ya kwanza yatazunguka juu yakiita, kisha yatatua mbali kidogo na maji, kwenye ardhi tupu wanakoweza kuona adui, na watatembea hadi ukingoni. Hunywa kwa sekunde chache tu na kuondoka. Ukiona dume amebaki nyuma ndani ya maji, akiinua mabawa na mkia na kuchezesha tumbo juu chini, mtazame huyo bila kuhangaika na wengine: anayalowesha manyoya ya tumbo ili awapelekee vifaranga maji. Manyoya hayo yana nyuzi zilizosokotwa ambazo hufunguka zikilowa na kushika maji. Mwingereza Meade-Waldo alilieleza jambo hili mwaka 1896 kutokana na ndege aliowafuga, na wengi hawakumwamini hadi Cade na Maclean walipolithibitisha kwa utafiti wa Kalahari uliochapishwa mwaka 1967. Ukimwona dume wa namna hiyo, andika tarehe na mahali, kwa kuwa umepata ushahidi kwamba kuna vifaranga katika eneo hilo.

Kuhusu wanaotaga chini, yaani tandawala, vipozamataza, firigogo wenyewe na Cursorius somalensis mwenye miguu myeupe mirefu, sheria ni moja: usitoke kwenye njia ya gari. Yai la Cursorius lina rangi ya udongo na liko juu ya udongo mtupu. Tairi italivunja nawe usijue. Ndege akikimbia mbele yako kidogo kidogo bila kuruka, au akijifanya amevunjika bawa, rudi nyuma kwa njia uliyoijia. Wala usipige sauti za ndege kwa simu ili kuwaita. Katika joto la nyuzi 40 ndege anayekimbilia sauti ya uongo anatumia maji ambayo hana pa kuyapata tena hadi kesho.

Hatua ya saba: andika kwa namna itakayomfaa mwingine

Kenya ina mradi wa ramani ya ndege, Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, ambao umeigawa nchi katika viraba vya dakika tano kwa tano za latitudo na longitudo, yaani takriban kilomita 9 kwa 9. Programu ya simu inayotumiwa, BirdLasser, hufanya kazi bila mtandao, jambo la lazima Sibiloi, na hukuonyesha umesimama katika kiraba gani. Ili orodha yako ihesabiwe kuwa kamili, tumia angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya kiraba kimoja, ukipita mazingira yote yaliyomo, na andika spishi kwa mfuatano ulioziona. Unaweza kuendelea kuongeza mpya hadi siku tano. Viraba vya kaskazini vina orodha chache mno ukilinganisha na vya Nairobi au Naivasha, kwa hiyo orodha ya saa mbili ya Alia Bay ina uzito ambao orodha ya mia moja ya Msitu wa Karura haiwezi kuwa nao.

Pamoja na majina na idadi, andika mambo ambayo programu haiulizi: upana wa matope ufuoni kwa hatua, siku ya mwisho iliponyesha kwa mujibu wa wenyeji, nyasi zina rangi gani, na upepo ulilegea saa ngapi. Andika pia ulichokitafuta ukakikosa. Mtu akienda Januari akakuta ufuo umefunikwa na maji na vitwitwi hawapo, rekodi hiyo ni muhimu sawa na ile ya ndege elfu kumi. Na ukijaliwa kwenda zaidi ya mara moja, rudi kwenye kiraba kile kile katika mwezi tofauti badala ya kutafuta kipya: Januari na Aprili kwa kuanzia, kisha Agosti, na Oktoba ikiwa barabara ya Chalbi itaruhusu.